Hema lao lichukue, MC wao mwache

Mimi ni mweka hazina wa wazazi katika shule moja ya kutwa kwenye barabara ya kutoka Khayega kwenda Shinyalu. Siku ya maombi ya watahiniwa ikikaribia, kazi ya kutafuta mahema, viti na spika huniangukia mimi, labda kwa sababu nauza vitenge sokoni na mwalimu mkuu anaamini mtu wa soko hauziwi mbuzi kwenye gunia. Mwaka huu tulikodi kwa mama mmoja wa Kakamega mjini, magharibi mwa Kenya. Jina lake silitaji, kwa kuwa nusu ya kazi yake ni ya kusifiwa na nusu nyingine nitaisema kama ilivyokuwa.

Bei zake ni hizi. Hema la watu mia moja 4,500, viti vya plastiki shilingi 10 kila kimoja, spika na jenereta 12,000, MC pamoja na DJ 8,000, keki 6,000. Tulihitaji mahema manne na viti 400, na ukijumlisha vyote unafika 48,000. Furushi zima alituwekea 45,000, nami nikamvuta hadi 42,000 kwa kumkumbusha kwamba Jumamosi hiyo hakuwa na harusi yoyote. Nusu nililipa kwa M-Pesa, nusu ikangoja kazi iishe. Hilo la nusu usikubali kuliachilia hata ukiapiwa.

Sasa, mahema. Maombi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, tunayafanya Julai, ingawa karatasi zenyewe ni za mwisho wa mwaka. Mwaka 2016 Fred Matiang'i, akiwa waziri wa elimu, alipiga marufuku siku za maombi na ziara za wazazi muhula wa tatu ili kuzuia wizi wa mtihani, na tangu hapo shughuli yetu ikahamia muhula wa pili. Anayeishi karibu na msitu wa Kakamega anajua maana yake: asubuhi jua, saa nane wingu, saa tisa mvua. Hapa hema si pambo.

Vijana wa yule mama walifika na kanta, lori dogo, Ijumaa jioni. Mmoja alizunguka uwanja akikanyagakanyaga nyasi, akauliza mvua ikinyesha maji hukimbilia upande gani. Nikajua hawa wanaijua kazi. Waliyasogeza mahema mbali na mteremko, wakagonga vigingi vya chuma hadi vikabaki vidole viwili tu juu ya udongo, na pale hema linapokutana na hema wakafunga mfereji wa turubai, umeinama kidogo kuelekea nyuma ya jikoni. Mwaka jana mkodishaji mwingine hakuwa na mfereji huo, na wazazi waliokaa katikati wakaogeshwa mbele ya mgeni rasmi. Safari hii mvua ilishuka saa tisa kasoro, ile ya kuwafanya watu waongee kwa ishara, na maji yote yakapita juu yetu yakamwagikia kule kwenye masufuria ya kuoshwa. Hakuna aliyebeba kiti chake kutafuta pa kujificha.

Na viti vilikuwa vimeoshwa. Tena hakuna hata kimoja kilichoshonwa kwa waya, ule unaosubiri mtu akae na rinda lake jipya ndipo ulirarue. Kwa muuza nguo jambo hili ni kubwa, mnisamehe.

Jenereta ndiyo ilianza kuniudhi. Stima ilipotea mapema, jambo ambalo kila mtu alilitarajia, na kijana wa spika akaja kuniambia jenereta ipo lakini petroli haimo kwenye furushi. Unakodishaje jenereta kavu? Tulimtuma mtu wa bodaboda Khayega na kidumu, na padri akaanza ibada kwa sauti yake mwenyewe. Bahati nzuri anayo. Petroli ilipofika spika zilitoa sauti safi, hazikuvuma wala kupiga mluzi, hata waliokaa nyuma kabisa walimsikia mchungaji wa kanisa la Friends alipopokea zamu.

Kisha wakapewa nafasi MC na DJ.

Watahiniwa walikuwa bado wamesimama. Walikuwa wametoka kuinua kalamu, rula na vikokotoo vyao juu ili viombewe, na kina mama wengine walikuwa wanafuta machozi. DJ akafungulia gengetone, muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi wenye maneno makali. Na si ile iliyopunguzwa makali. Ilikuwa ile ambayo hata kwenye matatu ya usiku kondakta huipunguza akipanda mtu mzima. Hakuwa amemuuliza mwalimu yeyote orodha ya nyimbo. Wanafunzi walishangilia, bila shaka, ni watoto, lakini mwalimu mkuu alikuwa amekaa katikati ya padri na imamu na sikutaka kumtazama usoni.

Hilo ningelimeza. Ya MC sikuweza. Alipoona meza za wazazi zimejaa wanawake, akauliza kwenye maikrofoni: "Kwani baba zenu wako wapi, ama waliingia mitini?" Akacheka peke yake. Pale mbele alikaa kukhu, yaani nyanya, mmoja aliyemlea mjukuu wake tangu akiwa wa kubebwa, amevaa kitenge alichokinunua kwangu kwa ajili ya siku hiyo. Msichana aliinama akaanza kuchezea kadi yake ya kutakiwa heri. MC mwenye akili angejua kwamba katika shule yoyote ya kijijini swali hilo halina mzaha ndani yake. Mwalimu mkuu aliinuka, akaomba maikrofoni kwa upole kama anayetaka kutoa tangazo, na hakuirudisha tena.

Tuliokolewa na wanafunzi wenyewe. Shule ina seti yake ya ngoma za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma, na wapigaji walikuwa wamezizoea mikononi kwa sababu ya mashindano ya muziki. Hapa ni kwa Waisukha, mojawapo ya jamii za Waluhya. Watu wa nje wanaijua isukuti kwa kuwa UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, sisi tunaijua kwa mabega. Ile ndogo ilipoanza tu, kukhu yule aliweka mkoba wake kitini akaingia uwanjani, mjukuu nyuma yake, na wazazi wakafuata wote. Mvua ilikuwa bado inanyesha, mfereji unafanya kazi yake. Gharama ya burudani hiyo ilikuwa kreti mbili za soda.

Keki ilikuwa tamu, ya chokoleti, haikukauka. Ila ujue kabla ya kupiga picha: ile ya ghorofa tatu, ghorofa ya juu ni boksi lililopakwa krimu. Uliza mapema ni ipi ya kukatwa, usije ukamwona mwenyekiti wa bodi akihangaika na kisu kwenye katoni. Sisi tuliambiwa, kwa hiyo hatuna lawama.

Mwaka ujao tutarudi kwake. Kidato cha tatu cha sasa ndicho cha mwisho nchini. Nyuma yao wamekuja wa Gredi ya 10 ya mfumo mpya wa elimu, na kidato cha pili hakipo kabisa. Kwa hivyo sherehe ya 2027 itakuwa ya kuwaaga watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, na wazazi wameshaanza kusema iwe kubwa. Tutachukua mahema, viti na spika, petroli tukiiandika kwenye karatasi ya makubaliano. Muziki utakuwa wa shule.

Nilipokwenda kumalizia malipo, yule mama alinipunguzia 4,000 za MC kabla sijamaliza kueleza, akasema si mara ya kwanza kumsikia akilalamikiwa. Kwa nini basi anaendelea naye, sikuuliza. Nilisikia ni shemeji. Ukipiga simu kule, omba kuongea na mama mwenyewe. Kijana anayepokea atakwambia furushi haligawanyiki, lakini mama atakugawanyia hata kabla hamjamaliza salamu.