Lipa na M-Pesa Mbele ya Kibanda cha Mboga

Huduma ya Lipa na M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2013, miaka 6 baada ya M-Pesa yenyewe, imenivutia zaidi kwa uaminifu wake. Mama mboga ninayenunua kwake sukuma wiki ameandika nambari yake ya kulipia kwenye kipande cha kadibodi, nami nikishaweka nambari ya siri, ujumbe wenye jina na kiasi huingia kabla hajamaliza kufunga mboga, wala mnunuzi hakatwi ada. Hata simu ya mulika mwizi isiyo na intaneti inatosha, na kwangu hilo ndilo kubwa. Kinachonikera ni wauzaji wanaodai utume kwenye nambari zao binafsi, kwani hapo ada ya kutuma humwangukia mteja.