Uzoefu wangu: nimetundika majembe ukutani, mara ya pili ndiyo yamekaa

Masika ya mwaka jana nilichukua jembe nikapalilie mahindi ya uani, mpini ukanivunjikia mkononi. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Ndani mchwa walishakula wakabakiza ganda na udongo. Majembe mengine mawili nayo yalikuwa vilevile, maana yote nilikuwa nayaegemeza kwenye kona ya stoo, mipini ikigusa chini, na sakafu ya stoo yetu ni ya udongo. Hapo ndipo nilipoamua kila kitu kipande ukutani.

Seremala wa kwanza alipigilia ubao kwa misumari ya zege, kisha juu ya ubao akapiga misumari ya inchi 4 ya kutundikia. Nusu saa, elfu 20, akaondoka. Wiki ya tatu, usiku, tukasikia kishindo. Ubao, majembe, koleo na sululu vyote viko chini, na plasta imebanduka vipande vipana kama sahani. Alipokuja kuangalia alisema vitu ni vizito mno. Iliniuma sana, kwa sababu alivishika kimoja kimoja kabla hatujapatana bei. Isitoshe, misumari ilikuwa mifupi, kwa hiyo bapa la jembe halikuweza kuelekea ukutani. Lilitokeza nje, usawa wa uso wa mtu anayeingia stoo gizani.

Wa pili ni kijana anayechomelea mageti mtaani kwetu, Morogoro. Yeye alianza kwa kugonga ukuta kwa vidole na kusikiliza. Kisha akatoboa tundu dogo kwa drili, akaingiza kijiti, akapima: plasta sentimita 2. "Mama, plasta haibebi kitu. Kinachobeba ni tofali." Sentensi hiyo ndiyo niliyokosa mara ya kwanza. Akatumia skrubu za sentimita 10 na plagi ndefu, vile vya plastiki vinavyoingizwa kwenye tundu ili skrubu ishike. Ukitoa unene wa ubao na plasta, sentimita 5 na ushee zimeshika ndani ya tofali lenyewe. Skrubu 8 kwa ubao mmoja wa futi 6.

Vya kutundikia alivikata kutoka nondo ya milimita 10, kila kimoja sentimita 25, ncha ameikunja kidogo kwenda juu. Vimekaa viwili viwili, nafasi ya sentimita 5 katikati. Mpini unapita kwenye nafasi hiyo, kichwa cha jembe kinalala juu ya nondo, na bapa linatazama ukuta. Mipini yote inaning'inia, chini hakuna kinachogusa, na nikifagia stoo naona mapema njia ya mchwa ikianza kupanda ukutani. Ubao wenyewe niliupaka oili chafu pande zote mbili kabla haujapandishwa. Ukishafungwa, upande wa nyuma huufikii tena.

Mpira wa maji nao ulikuwa unanisumbua. Ukiuning'iniza kwenye msumari mmoja unajikunja palepale kila siku, mwisho unapasuka. Tulichukua ndoo tupu ya rangi ya lita 20, kitako tukakifunga ukutani, mdomo ukaangalia nje. Mpira nauzungushia ndoo, na ndani naweka mkasi wa maua, glavu na tambara la oili la kupangusia majembe. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Jumla, vifaa na ufundi, ilinigharimu elfu 68. Kasoro niliyoiona ni nondo kuachwa bila rangi. Mvua za kwanza tu zikaanza kushika kutu na kuchafua mipini, ikanibidi nizisugue kwa msasa na kuzipaka rangi mwenyewe. Ukimpa fundi kazi hii, mwambie apake kabla ya kufunga. Fyekeo na panga nimevipandisha juu zaidi, nondo ya mwisho kabisa, maana wajukuu wanaingia stoo kutafuta mpira wao.