Mwendelezo wa gemu za Kijapani: ipi ununue kwanza, na alama za wahakiki uzisomeje

Kwa alama peke yake, orodha hii ingeanza na Final Fantasy VII Rebirth, yenye 92 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, na kazi yangu ingekuwa imekwisha. Ila mhakiki aliyetoa alama ile mara nyingi keshacheza sehemu ya kwanza, gemu kapewa bure, na bando si tatizo lake. Wewe unatoa hela yako na unaingia kwenye hadithi iliyokwisha anza. Kwa hiyo nimepanga kwa swali jingine: ukinunua hii leo, utaielewa hadithi, au utakaa kama mgeni aliyefika msibani bila kujua aliyefariki ni nani?

1. Suikoden I & II HD Remaster. Ni gemu mbili za zamani zilizoboreshwa. Kampuni ya Konami iliitoa tarehe 6 Machi 2025, na sababu ya kuiweka juu ni rahisi: unanunua mwendelezo pamoja na mwanzo wake. Suikoden II ilitoka Japani mwaka 1998 na mpaka leo ndiyo inayotajwa watu wanapobishana kuhusu hadithi bora za gemu za kuigiza wahusika (RPG). Vijana wawili, marafiki tangu utotoni, wako kambini usiku wakisubiri kurudi nyumbani. Kambi inavamiwa, na anayewaua wenzao ni mwana wa mfalme wao wenyewe, Luca Blight, anayetaka kisingizio cha vita. Marafiki wanatoroka pamoja, halafu hadithi inawatenganisha taratibu mpaka kila mmoja yuko upande wake.

Huyo Luca anastahili aya yake. Siku ya kumkabili, gemu inakutaka upange vikosi vitatu vya watu sita sita. Watu kumi na wanane, mtu mmoja! Kikosi cha kwanza kinamchosha, cha pili kinamchosha, cha tatu kinamchosha, na bado inabidi utoke mwenyewe umalizane naye ana kwa ana. Wahusika wa kukusanya ni 108, na ukizembea kuwaandaa mapema, usiku huo utajuta.

Wahakiki walilalamika kwamba toleo jipya halikubadilisha mengi, na ni kweli: kwenye ile ya kwanza kila mhusika bado anabeba vitu vyake mwenyewe, unafungua mifuko ya watu mmoja mmoja ukitafuta dawa. Inaudhi. Lakini kukimbia na kuharakisha mapigano vimeongezwa, na gemu ya kwanza yenyewe ni fupi. Imalize, usevu (uhifadhi ulipofika), kisha uiingize sevu hiyo kwenye ya pili, maana shujaa wa gemu ya kwanza anaweza kujiunga nawe.

2. Like a Dragon: Infinite Wealth. Sega, Januari 2024, alama 89. Ichiban Kasuga anakwenda Hawaii kumtafuta mama yake. Mwenzake safari hii ni Kiryu, shujaa wa mfululizo wa zamani, ambaye sasa ana saratani. Mapigano ni ya zamu na utani ni wa kijinga kabisa, halafu Kiryu anasimama mtaani akikumbuka jambo la miaka ishirini iliyopita, na kicheko kinakukauka. Kumjua Kasuga kunahitaji uanze na gemu iliyotangulia, Yakuza: Like a Dragon ya 2020, na kwa sababu ni ya zamani kidogo, kuipata kwa bei nafuu si kazi.

Angalizo la pesa: kurudia gemu ukiwa na nguvu ulizokwisha pata kulifungiwa kwenye matoleo ya bei ya juu, jambo lililowakera wahakiki wengi. Kama wewe ni mtu wa kumaliza mara moja na kuweka kando, toleo la kawaida linatosha.

3. Final Fantasy VII Rebirth. Sifa zake si za kupewa. Muziki wake ulishinda The Game Awards 2024, mchezo wake wa karata, Queen's Blood, unaweza kukulia wikiendi nzima, na wahusika wake wanataniana kama watu waliosafiri pamoja kweli. Kwa nini ya tatu basi? Kwanza, ni sehemu ya katikati kati ya tatu. Bila sehemu ya kwanza, Remake ya 2020, utapotea saa ya kwanza tu, na mwisho wa Rebirth uliwagawa hata waliocheza gemu asilia ya 1997. Pili, michezo midogo imezidi. Soma hakiki yoyote na utakuta lalamiko hilo. Tatu, ni kubwa: kwenye kompyuta, ilikofika Januari 2025, inataka GB 155. Piga hesabu ya bando kabla ya kushangilia punguzo la bei.

Ukinunua ya PS5 iliyotumika, fungua kisanduku palepale. Diski ni mbili, moja ya kusakinisha na nyingine ya kuchezea. Mimi nilifika nyumbani na moja, na muuzaji akaniapia kwamba ndivyo ilivyo.

4. Xenoblade Chronicles 3. Ya Nintendo Switch, Julai 2022, nayo ina 89. Askari wake wanaishi miaka kumi tu, na mhusika mkuu, Noah, kazi yake ni kuwapigia filimbi waliokufa vitani, wa upande wake na hata wa adui. Mio, anayetembea naye, amebakiza miezi mitatu. Hapo huhitaji kucheza zilizotangulia ili uumie. Tatizo ni mafunzo yasiyokwisha: saa nyingi zimepita na bado unaelekezwa vitufe.

5. Octopath Traveler II na 6. Ni no Kuni II. Zote zina wahusika wapya, kwa hiyo ya kwanza huihitaji. Ni no Kuni II ina muziki wa Joe Hisaishi na picha za kupendeza, lakini ni rahisi mno. Mnunulie mdogo wako anayesoma Kiingereza vizuri, maana Kiswahili hakimo. Octopath ina safari nane ambazo wahakiki waliona haziungani vya kutosha. Hata hivyo ina demo (kipande cha kujaribu) ya bure ya saa tatu, na ukiipenda, sevu yako inaendelea kwenye gemu kamili.