Mbao ya kurudishia mpini wa randa ya zamani: nimejaribu aina tatu

Haya wadau karibuni tena. Leo sina mashine mpya ya kuwaonyesha, nina vipande vitatu vya mbao tu hapa mezani na hii randa ya Stanley namba 4, mzee kabisa huyu, chuma chake kizima, shida ni mpini. Sogeeni muone, hii pembe ya juu inayokaa pale kati ya kidole gumba na cha shahada, haipo. Randa ikidondoka kisogo pembe ndo inatangulia chini, na kile kipande kikiruka hakionekani tena.

Sasa mbao yenyewe hii ni rozwudi ya Brazil, Dalbergia nigra, na hapo ndo ugumu unapoanza maana tangu 1992 iko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, biashara yake ya kimataifa imefungwa, kwa hiyo usitegemee kwenda dukani ukaikuta inakusubiri. Na mtu akikuambia anakutumia toka nchi nyingine bila karatasi yoyote achana naye, ule mti umekatwa mno, mpini mmoja hauna thamani hiyo.

Kipande cha kwanza, rozwudi ya India. Uzito uko sawa, vitundu vya mbao vinakaribiana sana, ila rangi ina uzambarau, mnaona? Ukiiacha kwenye mwanga ule uzambarau unapungua taratibu inaenda kwenye kahawia, kwa hiyo kama una subira ni nzuri, mi naikubali.

Cha pili mpingo. Naupenda mpingo jamani, lakini kwa kazi hii hapana, ni mweusi mno na umeshikana mno, vile vitundu havionekani, ukiunga hapa mstari unaonekana toka mlangoni.

Cha tatu ndo hiki, na hiki ndo jibu langu. Ni mpini wa randa nyingine iliyokufa, umepasuka huku chini hauna kazi tena, lakini huku juu mbao nzima. Mti uleule, na umezeeka vilevile. Boksi la vyuma chakavu ambalo kila mtu analipita, humo ndo duka lenu la rozwudi, msitupe hata kipande cha kidole.

Niliwahi kununua mtandaoni kipande kimeandikwa rozwudi, kimefika kizuri kinang'aa, nimekikwangua na patasi kidogo tu, ndani cheupe pee. Kilipakwa rangi. Toka siku hiyo kila kipande nakwangua kwanza.

Sasa hiki wengi wanakikosea, wanahangaika na rangi wakati jicho linashika nyuzi. Angalieni, nakipaka spiriti kwanza ili nione kitakavyokuwa kikishapata vanishi, nakiweka juu ya mpini, sawa si ndio? Halafu nakigeuza mbele nyuma, kipande kilekile, ona kimekuwa giza! Mbao inarudisha mwanga kutegemea nyuzi zinaelekea wapi, kwa hiyo kabla hujakata geuza, geuza tena, ukipata upande unaokubali weka alama ya penseli hapohapo.

Kuunga sasa, usigundishe kwenye mvunjiko wenyewe, ule umeshakula uchafu na jasho la miaka, upige randa mpaka uwe bapa kabisa, jinyime milimita mbili upate kiungo safi. Rozwudi ina mafuta, futa pande zote mbili kwa asitoni na ugundishe muda uleule, mi natumia epoksi. Klampu hapa inateleza maana kila mahali pamepinda, nafunga na vipande vya tyubu ya baiskeli, vinabana vizuri mno. Acha mpaka kesho, ndo ushike tupa kisha msasa. Na barakoa vaeni, vumbi la rozwudi linaleta mzio, ngozi inawasha na kifua kinabana, msilizoee.

Haya huu ndo umetoka. Nauzungusha hivi kwenye mwanga wa dirisha, kiungo kiko hapa, chini ya ukucha wangu. Mi mwenyewe inabidi nipapase ndo nikipate. Ngoja niurudishie skrubu yake, nina ubao pale unasubiri kunyooshwa.