Sanduku la manjano la lita 5: zuri, ila angalia kitako na mdomo

Kwenye meza za chanjo hapa Goma, sanduku hili la katoni ngumu ndilo linalokaa karibu na mkono wa muuguzi. Linakuja likiwa bapa na jepesi, hata mzigo mzima wa masanduku haya unapanda chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, bila shida. Kazi yake ni kupokea sindano pamoja na bomba lake, papo hapo baada ya kuchoma, bila kurudisha kifuniko. Kazi hiyo linaifanya vizuri. Likimchoma mtu, mara nyingi sababu iko kwenye kitako au kwenye mdomo.

Tuanze na kitako. Vipande vyake vinakunjwa kwa kufuata michoro iliyochapwa ubavuni, na cha mwisho lazima kiingie ndani ya upenyo wake mpaka kibane. Mwenye haraka hukiacha kimelala tu juu ya vingine. Sanduku likiwa tupu huwezi kuona kosa. Likibeba mabomba themanini na kuinuliwa, kitako kinafunguka na sindano zinamwagikia miguuni, na miguu yenyewe imevaa ndala. Kabla ya kutia sindano ya kwanza, ingiza ngumi ndani ukikandamize kitako. Kikishuka hata kidogo, kunjua uanze upya. Plasta ya kubandika haisaidii, kwani unyevu ukiingia tu inabanduka.

Mdomo nao una sheria yake: robo tatu, basi. Hapo ni kama mabomba 100 madogo ya chanjo, yale ya mililita 0.5. Ya mililita 5 au 10 yanajaza haraka zaidi. Piga hesabu kabla ya siku ya kazi: watoto 40 wenye umri wa wiki 14, kila mmoja sindano tatu (pentavalenti, yaani chanjo ya magonjwa matano, nimokoki na polio), ni sindano 120. Sanduku moja halitoshi, andaa mawili. Bomba likigoma kushuka usilisukume kwa kidole wala usitikise sanduku, maana ndani mabomba yamelala ovyo na mengine yamesimama ncha juu. Funga mdomo, chukua jingine. Lililofungwa halifunguliwi tena, halimwagwi ili litumike mara ya pili, na hubebwa kwa mpini wake, mbali na paja.

Tunaona masanduku mengi yakijaa vitu visivyo vyake. Pamba na glavu zina ndoo yake. Vichupa vya dawa vilivyozibwa hupasuka motoni, na mipira ya dripu ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Udhaifu wake mkubwa ni maji. Matone machache linayavumilia, lakini likikaa usiku mzima kwenye sakafu yenye maji msimu wa mvua, katoni inalegea na ncha zinatoboa. Liweke mezani au kwenye rafu, mahali ambapo watoto hawafiki.

Kuna vituo vinavyopendelea bidoni, yaani jerikeni, ya plastiki ngumu yenye kizibo cha kuzungusha. Maji haiyaogopi, na sindano haiitoboi kirahisi. Lakini Goma bidoni ya manjano ni chombo cha maji ya kunywa! Ikitoka nje bila alama, mtu ataichukua, ataikata mdomo, ataisafisha na kwenda nayo ziwani. Ukiitumia, chagua ya rangi nyingine, andika SINDANO, HATARI kwa rangi isiyofutika pande zote, na isitoke kituoni isipokuwa kwenda kuchomwa.

Kuhusu kuchoma moto: pipa la mafuta lililokatwa halifai. Plastiki inayeyuka, sindano za chuma zinabaki na ncha zake. Hata tanuri zuri la vyumba viwili, linalofika nyuzi 850 za Selsiasi na zaidi, linaua vijidudu lakini chuma hakiyeyuki, kwa hiyo majivu nayo yanahitaji shimo lake lenye kuta na kifuniko. Hapa ndipo mji wetu unapotutesa: chini ni mwamba wa volkano ya Nyiragongo, na shimo la mita mbili ni kazi ya nyundo na patasi. Kituo kisicho na shimo kipeleke masanduku yaliyofungwa kwenye hospitali yenye tanuri, kisiyarundike nyuma ya nyumba.

Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usilikamue, usilimwagie javeli (maji ya klorini). Nenda hospitalini siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Uliza pia juu ya chanjo ya homa ya ini B.

Kwa mgonjwa wa sukari anayejichoma nyumbani mara mbili kwa siku, hizo ni sindano kama 60 kwa mwezi, na sanduku la lita 5 litamkalia ndani muda mrefu mno. Afadhali chupa ngumu ya javeli, tupu na iliyokauka, yenye kizibo chake na alama. Ikifika robo tatu aifunge na kuipeleka kituo cha afya anapochukulia insulini.