DSD II au TestDaF: mwanafunzi anayekwenda kusoma Ujerumani aanze na upi?

Mitihani yote miwili hutumika kuthibitisha Kijerumani unapoomba chuo kikuu Ujerumani. DSD II hufanyika shuleni na mwanafunzi hatozwi ada, ila ni kwa shule zilizoidhinishwa tu. TestDaF ni ya kulipia, na vyuo vingi hutaka TDN 4 (daraja la kati la mtihani huo) katika sehemu zote nne.

Tofauti kubwa iko kwenye kuzungumza. Katika DSD II mtoto huja na mada aliyoitafiti mwenyewe, akaiwasilisha mbele ya walimu, kisha wakamhoji papo hapo. Hapo anajifunza kutetea hoja, jambo atakalolikuta kwenye semina za chuo. Katika TestDaF anavaa hedifoni na kuijibu kompyuta. Muda ukiisha umeisha, hata kama sentensi iko katikati.

Kama shule yenu ina DSD II, mimi ningemwandaa mtoto kwa huo, tena mapema. TestDaF inamfaa asiye na nafasi hiyo shuleni. Lakini wazazi, tafadhali kagueni pia mseto wa masomo ya IB (diploma ya kimataifa ya sekondari), kama mtoto anaisoma: mseto huo usipotimiza masharti ya Ujerumani, cheti cha lugha pekee hakimwepushi na Studienkolleg, kozi ya maandalizi kabla ya chuo kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mzima.