Jina ni langu, maneno si yangu: nilivyoanza kuandika kwenye blogu ya pamoja

Nimeiahirisha tathmini hii kwa wiki kadhaa nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Ni blogu moja ya pamoja hapa Dar, waandishi wengi chini ya jina moja. Sitaitaja, wanaoandika humo wataitambua. Unajisajili, unaandika, unatuma, wahariri wanaipitia, kisha kazi inatoka na jina lako juu. Hawalipi, na mimi sikufuata hela. Nilifuata wasomaji.

Zamani nilikuwa na blogu yangu mwenyewe. Mimi ni wa kizazi kile kilichokaa kwenye intaneti kafe kikisoma Jikomboe ya Ndesanjo Macha, iliyoanza mwaka 2004, na kutazama picha za Muhidin Michuzi, aliyefungua blogu yake mwaka uliofuata. Wale walituonyesha kwamba mtu anaweza kuandika Kiswahili chake bila kumwomba mhariri wa gazeti, na mtu aliyeko ughaibuni akakisoma siku hiyo hiyo. Kisha zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018. Laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini kwa wakati ule nilikuwa nafundisha kwa kujitolea, milioni ningeitoa wapi? Nikaifunga. Tulizifunga wengi. Ndiyo maana niliposikia kuna blogu ambayo wenyewe wameshamaliza mambo ya leseni na sisi kazi yetu ni kuandika tu, nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa nguo za sikukuu.

Kujisajili kulinichukua siku mbili, maana kiungo cha kuthibitisha akaunti kilijificha kwenye barua taka na hakuna aliyeniambia nikitafute huko. Hilo dogo, wala silihesabu.

Makala yangu ya kwanza ilimhusu Shangazi. Anakaanga samaki Feri, soko la samaki la hapa Dar, tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye lile karai. Nilimfuata alfajiri tatu, kabla ya adhana, nikiwa na daftari. Nilikaa naye mnadani, dalali akipandisha bei haraka mpaka mgeni hashiki kitu, na yeye Shangazi anakubali kwa kuinua kidevu tu. Nikaandika anavyomkagua samaki: anafunua shavu kwa kidole gumba, akitazama wekundu wa ndani. Ukiwa umefifia anamrudisha samaki kwenye fungu na haongei. Nikaandika habari za wapara samaki, vijana wenye visu vya kupukutisha magamba, ambao magamba yanawaganda mikononi mpaka kwenye viwiko, yanameta jua likichomoza. Nikaandika bei ya ndoo ya vibua siku bahari ikichafuka na siku ikitulia. Nilifuta, nikarudia, nikamsomea mume wangu, nikafuta tena. Sijawahi kuihangaikia kazi ya kuandika namna ile.

Nikabonyeza kutuma. Siku nne au tano kimya. Halafu jioni moja nikiwa kwenye mwendokasi natoka Posta naenda Kimara, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, simu ikalia: makala yako imechapishwa. Nikaifungua pale pale.

Kichwa kilikuwa kipya: "Mchango wa mwanamke mjasiriamali katika sekta ya uvuvi." Nikadhani wamekosea, wameweka jina langu kwenye makala ya mtu mwingine. Nikashuka na macho. Soko la Feri limekuwa "soko la kivuko". Kila Feri niliyoandika, kivuko. Feri ni jina la mahali! Muulize kondakta yeyote Dar hii akushushe soko la kivuko uone atakuuliza nini. Vibua wamekuwa "samaki wadogo wadogo". Wapara samaki wamekuwa "wasafishaji wa samaki". Shavu la samaki na kidole gumba havipo kabisa, vimekatwa. Na Shangazi, jamani, Shangazi yangu aliyenilea, amekuwa "mjasiriamali mmoja".

Chini kabisa kuna aya ambayo sikuiandika hata herufi moja. Inaanza na "Hivyo basi", inaiomba jamii iwathamini wanawake, inaishauri serikali itoe mikopo. Na juu, kwa herufi nene, jina langu na la baba yangu.

Nilipitiliza kituo.

Kesho yake nikaipigia namba iliyokuwa kwenye barua ya kutukaribisha. Akapokea mzee mmoja, nikamwamkia, akaitikia vizuri. Nikajieleza kwa adabu zote: mzee wangu, nashukuru kwa kuichapisha, ila naona kuna maneno yamebadilishwa mpaka maana imepotea. Akanikatiza. "Binti, hapa sisi ndiyo wahariri." Nikasema naelewa, lakini yule si mjasiriamali mmoja, yule ni shangazi yangu. Akasema, na hapa namnukuu kwa sababu bado yananilia masikioni: "Msomaji hana haja na shangazi yako. Na hicho Kiswahili chako cha sokoni, BAKITA wangekionaje?"

BAKITA. Baraza lile la Kiswahili la Taifa limekuwepo tangu 1967, kazi yake ni kukikuza na kukilinda Kiswahili, na kibua ni Kiswahili. Ni samaki mwenye jina lake. Kupara ni Kiswahili, kimo kwenye kamusi na kimo kwenye vinywa vya watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Wewe ukimfanya kibua kuwa samaki mdogo mdogo hujasanifisha lugha, umelitupa neno na ukamchanganya kibua na dagaa. Nilitaka kumwambia yote hayo, ila yule ni mtu mzima, nikameza mate. Nikaomba basi kitu kimoja: waondoe jina langu au warudishe maneno yangu. Akajibu kwamba wachangiaji ni wengi, hawawezi kumsikiliza kila mmoja, na ukishatuma, kazi ni ya blogu. Akakata simu. Hakuaga.

Nilichokuja kujifunza baada ya hapo ndicho ambacho anayeanza angepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Blogu ile inaendeshwa kwa WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, na huko watumiaji hupangwa kwa ngazi. Sisi wapya tunawekwa ngazi ya mchangiaji. Mchangiaji anaandika rasimu na kuituma ikapitiwe, basi. Hawezi kuichapisha mwenyewe, hawezi kupandisha picha zake, na makala ikishachapishwa hawezi kuigusa tena hata kama ameona kosa kwenye jina lake mwenyewe. Ngazi inayofuata, ya mwandishi, inachapisha na kurekebisha kazi zake. Kijana wa jirani anayetengeneza tovuti ndiye aliyenieleza, na akaniambia jambo lililonikera kuliko yote: mfumo ule hutunza matoleo ya nyuma ya kila makala. Yaani maneno yangu hayakupotea. Yamekaa humo ndani, na mhariri anaweza kuyarudisha kwa kubonyeza mara moja. Mzee yule alikuwa na kitufe mbele yake akaniambia haiwezekani.

Na hilo la "kazi ni ya blogu" nalo si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na haki ya kupinga isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Sikusaini popote kwamba nimeziacha haki hizo. Kutuma rasimu ni kuomba ichapishwe, hakumruhusu mtu anitungie aya na kunibandikia jina.

Mpaka hapo nilikuwa nimeamua hukumu yangu: nyota moja, msijiunge.

Sasa ngoja niwe mkweli. Wiki iliyofuata nilimwandikia dada mmoja ambaye jina lake lipo kwenye orodha ya wahariri, yeye ni msaidizi tu. Sikutegemea kitu. Akanijibu usiku ule ule kwa meseji ya sauti. Alisema ameifungua rasimu yangu ya mwanzo, ameisoma yote, na yeye mwenyewe mama yake anauza samaki Tanga. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyefiwa. Asubuhi yake Feri ikawa Feri. Vibua wakarudi, wapara samaki wakarudi, kidole gumba kikarudi. Shangazi akawa Shangazi. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikalia, sioni aibu kusema.

Nikaenda Feri siku hiyo hiyo nikamsomea, yeye akigeuza samaki, moshi unatuingia sote machoni. Lile toleo la kwanza nilikuwa nimemsomea pia, kwa ujinga. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mbona huyu mama hana kwao? Mimi niko wapi hapo?" Safari hii hakuuliza kitu. Nilipofika pale pa kuinua kidevu alicheka akamwita mwenzake wa karai la pili aje asikie, nikarudia mwanzo. Kufikia saa sita nilikuwa nimeisoma mara nne.

Na wasomaji wapo kweli, hilo siwezi kuwanyima. Blogu yangu ya zamani ningeandika mwezi mzima nisomwe na ndugu na wenzangu wa chuo. Hii ilimfikia mtu wa Mtwara nisiyemjua, akatafuta namna ya kuniandikia kwamba kwao nao wapo wanawake wa namna hiyo. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota nne.

Halafu nakumbuka kwamba kichwa cha habari bado ni cha kwao. Ile aya ya "Hivyo basi" bado ipo. Yule dada amesema kichwa na aya ya mwisho ni maamuzi ya mzee, yeye hana uwezo navyo, na nimemwomba asijiingize matatani kwa ajili yangu. Kwa hiyo mtu akiisoma mpaka chini anakuta mimi naishauri serikali. Nyota mbili basi. Na hizo mbili ni za yule dada, si za blogu.

Ukitaka kujiunga, jiunge, siwezi kukukataza maana sijui pengine pa kukupeleka. Ila rasimu yako ihifadhi kwenye simu yako na uitume pia kwenye barua pepe yako mwenyewe. Kabla ya kutuma chochote, uliza kwa maandishi: mtabadilisha nini, na mtanionyesha kabla? Uliza lini unapandishwa kuwa mwandishi. Mimi nimeuliza mara mbili, naambiwa subiri.

Makala ya pili ninayo, inawahusu wapara samaki. Imekamilika. Wakinipandisha ngazi nitaituma kesho yake. Kwa sasa inasomwa Feri peke yake, kando ya karai, na wenyewe wameshanisahihisha sehemu tatu.